Doa la Waridi Kwenye Kioo

Mwanga wa asubuhi ni mchongezi. Unaingia sebuleni bila hodi, unagonga kioo, na kila alama ya kidole iliyolala pale inasemwa peupe. Mama Vioo aliujua mwanga huo kuliko watu wanavyowajua jirani zao. Miaka yote ya nguvu zake alisafisha madirisha ya maofisi, ghorofa baada ya ghorofa, kwa ndoo, gazeti na wembe. Mabosi waliokaa nyuma ya vioo vile waliiona mbingu kwa mkono wake, hata kama yeye hawakumwona.

Jina hilo alipewa kazini. Likamfuata uzeeni, likamfuata mpaka kwenye nyumba hii isiyo yake. Maana haikuwa yake, jamani, tusidanganyane. Ilikuwa nyumba ya mkwe wake, mke wa mwanawe, na mwanawe mwenyewe hakuwamo. Alikuwa amebeba mashati yake yote akaenda kuanza maisha na mwanamke mwingine. Alimwacha mke, akamwacha na mama pia, kama mtu anayehama akasahau mizigo mlangoni.

Ndoa ikafa, mama mkwe akabaki. Nani aliwahi kusikia mambo hayo? Kila asubuhi Mama Vioo aliamka na aibu ya mwanawe, akanawa nayo uso, akaivaa. Kila asubuhi alingoja kuambiwa, "Mama, sasa tafuta pa kwenda." Na kila asubuhi binti yule alimwekea chai mezani, akakifunika kikombe kwa sahani ili isipoe, akachukua mkoba wake wa bisibisi ndogondogo, akaenda kibandani kwake kutengeneza simu za watu. Hakumuuliza ataondoka lini.

Fadhila hailipwi kwa maneno matupu. Mzee akalipa kwa mikono: akafagia, akafua, akang'arisha kila kilichokubali kung'aa. Kitu kimoja tu hakukigusa.

Lo, lile tangi! Tangi la samaki lisilo na samaki. Lilikaa kwenye kona ya sebule, na ndani yake walitembea konokono wanne wa majini, rangi ya asali, kila mmoja mkubwa kama ngumi ya mtoto. Siku ya kwanza kuwaona, Mama Vioo alishika kifua. "Mwanangu, watu wanafuga kuku. Watu wanafuga paka. Wewe unafuga makamasi?" Binti akacheka mpaka akakaa chini. Hakuwa amecheka tangu mume aondoke, na mzee hakuisahau sauti ile.

Polepole, bila kukiri, akaanza kuwazoea. Akajua kwamba hupenda tango lililochemshwa kidogo. Akajua kwamba ganda la yai likisagwa huwapa nyumba ngumu mgongoni. Akawatazama wakipanda hadi karibu na uso wa maji, wakinyoosha mrija wao kama jirani anayechungulia dirishani, wakivuta hewa ya huku kwetu huku miili ikiwa kule kwao. Ndiyo maana binti hakulijaza tangi hata siku moja. Juu aliacha nafasi ya kiganja. "Yakijaa pomoni, Mama, watakosa pa kupumulia," alisema. Mzee akatikisa kichwa, akafikiri kwamba katika nyumba hii na yeye ameachiwa kiganja chake.

Basi asubuhi moja, binti ameshatoka, mwanga ukachongea. Juu ya maji, kwenye kioo cha nyuma, palikuwa na doa. Doa la waridi, limevimba, limejaa chembechembe, utadhani mtoto ametafuna pipi akaibandika. Mkono wa Mama Vioo haukungoja ruhusa ya kichwa. Lowesha kwa maji ya uvuguvugu. Ngoja. Laza wembe, uingize chini, sukuma mara moja bila kurudi nyuma. Ndivyo alivyofundishwa ujanani: doa halichunwi vipande vipande, linabanduliwa zima. Likatoka zima. Akalikunja kwenye gazeti, akalitia kwenye ndoo ya taka, kisha akaketi, maskini, kungoja kusifiwa.

Jioni binti aliinama kwenye tangi kabla hata ya kuvua viatu. Kisha akasema taratibu, "Mama, hapa palikuwa na mayai."

Mayai! Binti alikuwa ameyangoja kwa miezi. Usiku wa kuamkia siku ile alikuwa amemwona jike akitoka majini, akining'inia kwenye kioo kikavu, akitaga moja baada ya jingine. Kingekuwa kitu cha kwanza kuzaliwa katika nyumba hii tangu ipatwe na ule msiba usio na jeneza.

"Mimi na mwanangu ni wale wale," mzee akasema. "Ukitupa nafasi, tunaharibu."

Binti alikuwa ameshatumbukiza mkono kwenye ndoo ya taka hadi kwenye kiwiko, katikati ya maganda ya vitunguu. Akalifunua gazeti. "Mama! Yametoka mazima! Mtu mwingine angeyafanya uji."

Wakayalaza kwenye pamba yenye unyevu, pamba kwenye kifuniko cha kopo la siagi, kifuniko kikaelea juu ya maji. Yasizame, yasikauke. Binti akapumua, akaenda kuvua viatu.

Lakini mzee hakupumua. Kesho yake alifungasha nguo zake nzuri, magauni mawili na shali, akalisukuma begi chini ya kitanda. Akajiwekea nadhiri: yakianguliwa, nitabaki. Yakioza, nitaondoka kabla mtoto wa watu hajalazimika kunifukuza. Hakumwambia mtu.

Akayalea, basi. Asubuhi akayanyunyizia maji kwa ncha za vidole, mchana akayanusa kama yameoza, jioni akayanyunyizia tena. Mkono uliobandua ukawa mkono unaobembeleza. Waridi ikafifia, ikawa kijivu, na moyo wake ukafifia nayo. "Kwaheri yangu hiyo," akajisemea.

Kisha ikaja asubuhi ile. Mwanga ukaingia bila hodi, ukagonga kioo, na kwenye kioo kulikuwa na vitone vinavyotembea. Vidogo kama punje za mtama, vingi, kila kimoja na nyumba yake mgongoni. "Njoo! Wametoka! Njoo uone!" Binti akaja mbio na povu la dawa ya meno mdomoni, wakashikana, wakacheka, wakalia, hakuna aliyejua kipi kilianza.

Mama Vioo akaenda chumbani kulifungua begi. Likaja jepesi mkononi. Ndani hamkuwa na gauni wala shali. Mlikuwa na mto wa zamani, umekunjwa vizuri ili begi lionekane limejaa.

"Nililiona siku ile ile uliyofungasha, Mama," binti akasema kutoka mlangoni. "Nilikuwa natafuta kandambili zangu." Akamshika mkono, akampeleka chumbani kwake, akafungua kabati. Upande ule yalipokuwa yakitundikwa mashati ya mume, magauni mawili yalikuwa yananing'inia, yamepigwa pasi, na shali kando.

"Na kama yangeoza?"

"Tungengojea mengine."

Mzee akajifuta macho kwa kiganja. Kwa mara ya kwanza hakutafuta kulipa kwa mikono yake.

Mwanga wa asubuhi bado ni mchongezi. Sasa hivi kioo cha tangi kimejaa michirizi, njia za ute zinazokwenda na kurudi, na yeye, ambaye hakuwahi kuacha doa maishani mwake, amekikunja kitambaa na kukiweka chini. "Chongea," anauambia mwanga. "Sema yote, wasikie." Kisha anavuta kiti, anafunua sahani, anakunywa chai yake ingali moto.