Kisichotumika kwa Siku Tisini

Mkurugenzi wa ofisi yetu ya usajili wa watu tunamwita Fagio. Huyu bwana hawezi kuona kitu kimekaa tu. Mwanzoni mwa mwaka alibandika waraka kila ukuta, hata chooni: chochote kisichotumika kwa siku tisini kiondolewe. Tukaondoa viti vya wageni, maana wageni walikuwa wanasimama. Tukaondoa mitungi ya kuzimia moto, maana hatujawahi kuungua. Wiki ile nilicheka mpaka mbavu zikauma, na kicheko chenyewe kilikuja kunitokea puani.

Mimi ndiye fundi wa kompyuta wa ofisi, na nina hasira za karibu, sifichi. Zamu yangu ilipofika, Fagio aliniita akaniuliza ndani ya mashine kuu kuna nini kisichotumika. Nikamwambia zipo draiva, vile vijiprogramu vinavyoiwezesha mashine kuelewana na vifaa vyake. Zipo mamia, sisi tunatumia kama kumi.

"Zilizobaki zinafanya nini?"

"Zinakaa, bosi. Siku moja utazihitaji."

"Waraka hausemi siku moja. Unasema siku tisini."

Nikarudi mezani nimevimba. Nikaandika amri ya kuziondoa kwenye furushi la kuwashia, lile ambalo mashine hulisoma kwanza inapoamka, ingawa kwenye diski niliziacha kimyakimya. Kabla sijatulia akaniletea jingine: mwananchi asiyefika dirisha lolote la serikali kwa siku tisini ahamishiwe orodha ya marehemu. Nikamwambia watu si viti. Akaniuliza kama nina waraka unaosema hivyo. Nikaiandika na hiyo amri, nikabonyeza, nikaenda kunywa chai. Majina yalipita kwenye skrini mbio, wala sikuyatazama.

Alhamisi moja kadi inayounganisha diski na mashine iliungua. Muuzaji akaleta nyingine, ya aina tofauti, akaipachika na kuondoka zake. Ijumaa asubuhi nikawasha. Skrini ikaandika: nasubiri diski. Ikasubiri, nami nikasubiri. Mwisho ikaandika: diski haipo. Nikaweka kiganja juu ya diski. Ilikuwa inazunguka, ina joto lake.

Nikaelewa hapo hapo, nikajisikia vibaya. Linux, mfumo unaoiendesha mashine yetu, ikiamka haianzi na diski. Inaanza na lile furushi dogo la kuwashia, na humo ndimo inamotafuta draiva ya kadi ili iweze kuiona diski. Draiva ya kadi mpya niliiondoa kwenye furushi kwa mkono wangu mwenyewe. Ilikuwa imebaki kwenye diski, yaani ndani ya kitu ambacho mashine haiwezi kukiona bila hiyo hiyo draiva. Ni kama mtu aliyejifungia nje, ufunguo umebaki mezani ndani.

Fagio akaja, akasoma skrini mara mbili. "Mashine inasema haipo."

"Ipo, bosi. Iguse."

"Siwezi kugusa kitu ambacho hakipo. Jaza fomu ya upotevu."

Nilikuwa natafuta jibu ambalo lisingenifukuzisha kazi, nikasikia sauti ninayoifahamu kutoka dirisha la nne. Alikuwa mama yangu mzazi, mkoba kifuani, barua mkononi. Karani wa dirisha hilo, dada mpole ambaye hajawahi kukosea kupanga kalamu zake, alikuwa anamweleza taratibu.

"Mama, hapa kwenye nakala ya orodha unaonekana umefariki Jumanne ya wiki iliyopita."

"Jumanne nilifua mapazia."

"Naelewa, mama. Na pole sana kwa msiba."

Ile barua nayo ilikuwa ya pole, yenye muhuri wetu, imeandikwa kwa mama kuhusu kifo cha mama. Nikamwamkia, akaitikia, akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni kama anayekagua mzigo uliotoka safari.

Karani akanivuta pembeni. Orodha ilikuwa imeshachapwa, iko mezani kwa Fagio, na saa tisa na nusu dereva angeipeleka makao makuu. Ikifika huko hairudi. Jumatatu nyumba za waliomo zingetiwa kufuli, na nyumba ya mama ndiyo aliyonizalia, ndiyo aliyomuuguzia baba. Kumrudisha kwenye daftari la walio hai lilikuwa jambo la dakika mbili, ila kwa mashine tu. Saa ya ukutani ilisema saa saba kasoro.

Nilichohitaji ni flashi yangu ya dharura, yenye Linux nzima na draiva zote. Ukiiwasha mashine kwa flashi hiyo inaiona diski, unaingia, unalifunga furushi upya na draiva yake ndani, kazi imekwisha. Nikaenda kufungua droo ninamoiweka. Droo haikuwepo. Nikashuka stoo mbio.

"Ipo," mtunza stoo akasema, akinionyesha kwa kidole, rafu ya tatu. "Iliondolewa, haikutumika. Omba kwenye kompyuta, nitakupa."

"Kompyuta hazifanyi kazi. Hiyo ndiyo itakayozifanya zifanye."

"Basi zikishafanya, omba."

Nilimwambia maneno ambayo siyarudii hapa. Akayasikiliza yote, kisha akaniuliza kama ningependa kuyaweka kwa maandishi. Nikampigia muuzaji, hapatikani. Nikarudi juu jasho likinitoka, nikamkuta mama amesimama pale pale, kwa kuwa viti hatuna. Saa nane na robo. Nilitaka kumwambia ukweli, kwamba aliyemuua ni mimi, ila nikaanza kupekua droo za makarani.

"Mbona unahangaika hivyo, mwanangu?"

"Natafuta kitu, mama. Kidogo tu, kama kidole."

Akafungua mkoba. Akatoa miwani, akatoa kidonge cha uzi, akatoa leso iliyofungwa fundo. Akalifungua lile fundo kwa meno. "Kama hiki? Ulikisahau kwangu siku uliyokuja kutengeneza kompyuta ya baba yako, ile yenye picha. Nikasema nikija huko nitakuletea."

Ilikuwa flashi yangu nyingine, yenye Linux ile ile, ambayo nilishaihesabu kuwa imepotea. Sikusema hata asante. Niliinyakua nikakimbia.

Mashine ikawaka kwa flashi ile, na diski ikajitokeza kwenye skrini kana kwamba hakuna kilichowahi kutokea. Kabla sijaendelea, flashi ikaonyesha kama kawaida yake lini ilitumika mara ya mwisho: siku mia moja arobaini na mbili zilizopita. Ndiyo siku niliyokwenda kwa mama mara ya mwisho, na anakaa mwendo wa nusu saa tu kutoka kwangu. Siku zote hizo nilikuwa najiambia wiki ijayo, na hata ile mara ya mwisho nilienda kwa sababu kuna kitu kilikuwa kimeharibika. Niliona aibu, aibu ya kweli, peke yangu kwenye chumba cha mashine.

Nikalifunga furushi upya. Safari hii nilitia draiva zote, hata za vifaa ambavyo hatutavinunua maisha. Nikachomoa flashi, nikawasha. Nasubiri diski, ikaandika. Halafu ikaendelea mpaka mwisho. Saa tisa na dakika kumi na mbili.

Karani akamtafuta mama, akampata, akabonyeza. Kisha akasita. "Kuna kisanduku hapa. Kinataka shahidi aliyemwona akiwa hai ndani ya siku tisini, kabla ya leo. Leo haihesabiwi, ameshakuwa marehemu."

"Mimi ni mwanawe," nikasema.

"Vizuri. Ulimwona lini?"

Fagio alikuwa ametoka ofisini na orodha yake mkononi, dereva nyuma yake. Wote walikuwa wananingoja mimi. Mtu mzima, fundi, nikatazama viatu vyangu.

"Andika Jumapili," mama akasema.

"Jumapili ipi, mama?"

"Zote. Huja kila Jumapili. Tunakula, ananisomea magazeti, anaondoka jioni. Hajawahi kukosa hata moja." Alisema bila kupepesa macho, akikirudisha kidonge cha uzi mkobani.

Karani akaandika. Akanigeuzia karatasi, nikatia saini. Fagio akachukua kalamu, akalikata jina la mama kwenye orodha kwa mstari ulionyooka, akampongeza.

Nilimsindikiza mama mpaka mlangoni. Nikamwambia, "Mama, ile amri niliiandika mimi."

"Najua. Nani mwingine huku anajua kuandika vitu hivyo?" Akanyoosha kiganja. "Lete kile kidude."

Nikampa flashi. Akaifunga tena kwenye leso, mafundo mawili.

"Hiki nakaa nacho mimi," akasema. "Jumapili uje ukichukue."