Kipimo cha Makinda ya Kanali

Mimi na njiwa hatukuwa tukipatana. Nasema mapema, usije ukadhani mimi ni wale wanaobusu ndege midomo. Mimi ni mshonaji, nguo za watu zinataka usafi, na njiwa wakiishi juu ya kichwa chako miaka ishirini na sita, usafi unausikia kwa jirani tu. Mume wangu ni seremala. Alijenga banda lao juu ya nyumba kabla hajanijengea mimi kabati. Kabati nalisubiri mpaka leo.

Kila asubuhi alikuwa ananiita, "Mama, hebu panda tunywe chai huku juu, uwaone wanavyoruka." Namjibu kwamba magoti ninayo mawili tu, na yote mabovu.

Katika njiwa wake wa mashindano, kipenzi chake ni Kanali, dume la kijivu lenye macho mekundu. Kanali kazeeka, na mkewe kazeeka. Watoto wao wote wa nyuma ama wameliwa na mwewe ama wamepotea njiani. Kwa hiyo mwaka huu jike lilipotaga mayai mawili, mume wangu alitembea kifua mbele kama aliyepata mjukuu. "Haya ndiyo ya mwisho," akaniambia. "Yakiharibika haya, ukoo wa Kanali umekwisha."

Wiki hiyohiyo akalazwa, akapasuliwa henia. Siku nne. Akaniachia maji, mtama, na maagizo marefu kama hotuba ya mgeni rasmi. Siku ya pili nikapanda na ufagio. Nani alinituma kufagia? Hakuna. Mkono wangu tu, ukiona uchafu hautulii. Jike la Kanali likanipiga bawa la mkono, nikaruka, mpini wa ufagio ukagonga kiota. Yai moja chini, pwaa!

Weh! Maji yakanifika shingoni. Nikaangaza huku na huku kama mwizi wa kuku. Kwenye kiota cha chini kulikuwa na njiwa wengine wa kijivu, wale wa kufuga tu, nao walitaga wiki ileile. Nikachukua yai lao moja, nikamwekea mke wa Kanali. Akalikalia. Yai ni yai, nikajisemea, nani ataliuliza jina?

Lakini roho haikutulia. Kuanzia siku hiyo nikawa napanda kila asubuhi, magoti yakilia. Kwanza nilikwenda kuhakikisha halijasukumwa nje. Halafu nikaenda kuona kama yameanguliwa. Wakatoka makinda wawili, vipofu, wana vinywele vya manjano, wabaya mpaka unawahurumia. Mume wangu alikuwa amerudi kutoka hospitali kabla hawajaanguliwa, akanikuta huko juu. Akanimiminia chai, hakuuliza kitu. Na mimi, sijui ilikuwaje, nikaanza kuipenda ile saa. Tulikaa kwenye ndoo zilizopinduliwa, tukawasema majirani wote mmoja baada ya mwingine.

Makinda wakaota manyoya, wamefanana huwezi kuwatenganisha. Siku moja mume wangu akasema, "Nataka kuwapima."

"Uzito?"

"DNA. Kuna maabara inapima njiwa. Wanakwambia baba nani, mama nani, na kinda ni dume au jike. Kwa macho, wakiwa wadogo hivi, hujui."

Chai ikanipalia. "Kwani Kanali kalalamika?" nikauliza. Akacheka, akaleta bahasha.

Kazi ya kuwashika akanipa mimi. Yeye anang'oa manyoya machache ya kifuani, bila kugusa mashina yake kwa vidole, anatia kwenye bahasha, anaandika namba ya pete ya mguuni. Kanali bahasha yake, mkewe yake, na kila kinda yake. Shetani akaninong'oneza nibadilishe bahasha. Nikamwambia aniache, mayai yamenitosha.

Wiki mbili za kusubiri nilikuwa mtu wa ovyo. Nilishona suruali ya mteja, miguu yote miwili ikawa ya kushoto. Nilikuwa naona siku ambayo mume wangu atajua kwamba nilivunja kitu alichokipenda, nikamdanganya, nikaendelea kunywa chai yake. Hilo la chai ndilo lililonichoma zaidi.

Majibu yakaja kwenye simu tukiwa juu. "Nisomee," akasema, "herufi zenyewe za sisimizi."

Nikasoma. "Pete namba arobaini na moja. Jike. Baba na mama wamethibitishwa."

"Jike!" Akapiga paja. "Ukoo upo! Endelea."

"Pete namba arobaini na mbili. Dume." Ningeweza kusema wamethibitishwa, asingejua. Nikamtazama alivyofurahi, nikashindwa. "Baba hapana. Na mama hapana. Huyu si wao, mume wangu. Ni mimi." Nikamwaga yote, ufagio, mpini, kiota cha chini, machozi yananitoka.

Akanywa chai yake. "Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Kila yai likitagwa naliandika kwa penseli, tarehe na kiota. Nimetoka hospitali, nikakuta chini ya mke wa Kanali yai lenye mwandiko wangu mwenyewe, kiota cha chini. Umelihamisha na cheti chake cha kuzaliwa."

"Sasa kipimo cha nini?"

"Walianguliwa siku niliyokwenda kliniki kuangaliwa mshono. Sikujua yupi ni yupi."

Hasira zikanipanda. "Miezi miwili unaniacha nachemka kama maharage, na wewe unajua? Ungesema!"

"Ningesema ungeshuka." Mzaha ulikuwa umemtoka. "Miaka ishirini na sita nakuomba upande, hutaki. Yai moja limevunjika, ukaja, na kesho yake ukaja tena. Mimi nikaogopa kufungua mdomo. Hata hiki kipimo nimekichelewesha wiki tatu."

Nilimpiga kofi la bega, halafu nikalilalia bega hilohilo, nikalia vizuri.

Asubuhi yake hapakuwa na kosa la kunipandisha ngazi. Nikapanda, nikimgombeza njia nzima habari za magoti yangu.