Kipipa cha Paraska

Kila Jumamosi, ng'ombe akishakamuliwa na ndoo kuoshwa, Paraska huingia kwa mlango wa nyuma, hufuta miguu kwenye gunia, hutundika mtandio wake msumarini na kuanza kukanda unga. Amekufa tangu mwaka wa sabini na moja. Genowefa humwekea kigoda kando ya jiko ili akichoka aketi, ingawa hachoki, na humpa habari za kijiji: nani kauza msitu wake, binti wa nani kaenda Ujerumani kutunza wazee wa watu.

"Huu unga wenu wa dukani ni vumbi tu," Paraska husema.

"Ndio uliopo, dada."

"Haya, tukande vumbi."

Unga haumnati vidoleni. Zaidi ya hapo hana tofauti na mwanamke mwingine yeyote anayekanda.

Kipipa wanachokandia ni cha mbao, kimefungwa pete tatu za fito, na kinamfikia mtu magotini. Hakioshwi kwa maji. Hukwanguliwa kwa mwiko, na ule unga unaobaki ukutani mwake ndio chachu ya mkate wa wiki ijayo, na ndio chachu ya uji wa shayiri vilevile. Huku milimani kila mtu anajua kwamba kipipa kina moyo wake. Ukimwazima jirani kinarudi kimenuna, na mwezi mzima mkate wako unatoka bapa kama kigae. Genowefa hajawahi kumwazima mtu kipipa kile. Wala si chake.

Alikuwa na miaka kumi na miwili walipoletwa hapa. Watu wenyewe wa kijiji walikuwa wamepewa na wanajeshi saa mbili za kufunga mizigo, kwa kuwa walisali kwa lugha nyingine, wakapakiwa kwenye mabehewa ya ng'ombe na kupelekwa mbali magharibi, kwenye nchi tambarare. Kesho yake jioni kina Genowefa wakafika na gari la farasi na mbuzi mmoja, wakaambiwa nyumba yenu ni hii. Jiko lilikuwa bado lina uvuguvugu. Unga ulikuwa umeumuka mpaka ukamwagikia sakafuni. Mama yake aliutazama, akajipiga ishara ya msalaba, akasema unga hautupwi, akauoka. Walikuwa na siku nne hawajatia mkate kinywani. Genowefa alikula mpaka tumbo likamsokota, na hajaonja tena mkate mtamu kama ule. Hilo amemwambia Paraska mwenyewe.

"Nilitia jira," Paraska alimjibu.

Mara ya kwanza alikuja msimu wa kuvuna viazi, mwaka uleule aliokufa. Alisimama mlangoni akauliza kama unga aliouacha uliokwa kwa wakati. Mama yake Genowefa, aliyekuwa hai bado, akamwambia uliokwa. "Haukuungua?" Haukuungua. Basi akaingia akaketi, na tangu siku hiyo Jumamosi ikawa yake. Yeye ndiye aliyemfundisha Genowefa uji mchachu: shayiri ilale siku tatu kwenye chachu karibu na jiko, ichujwe, ichemshwe polepole huku mkono hauachi mwiko, kitunguu saumu kitangulie na uyoga mkavu ufuate, na viazi viwe sahani ya pembeni, visitumbukizwe kamwe.

Halina, mke wa mwanawe Genowefa, alipata zawadi ya kwanza kwa uji huo kwenye sikukuu ya mavuno. Alipewa mashine ya kusagia nyama na karatasi yenye mhuri. Karatasi ilisema: uji mchachu, mapishi ya familia. Aliitundika jikoni, na Paraska akaisoma polepole, maana yeye alifundishwa herufi nyingine.

"Familia ya nani?" akauliza.

Halina akacheka. "Yetu sote, bibi. Kwani wewe si umo humu kila Jumamosi?"

Paraska akasema kitunguu saumu kimezidi.

Mwezi wa Novemba mwaka ule alikanda kwa muda mrefu kuliko kawaida. Kisha akasema, "Tekla wangu anajaribu kupika uji."

Tekla alikuwa bintiye. Walipopakiwa behewani alikuwa na miaka tisa.

"Anaupatia?"

"Unaota ukungu. Maji ya bomba yale. Na chachu hana, anatia siki." Paraska alisema siki kama mtu anavyomtaja mlevi wa ukoo wake. "Chachu ni hii hapa. Kijiko kimoja kingemtosha maisha."

"Si umpelekee, dada?"

"Njia siijui. Behewa lilifungwa kwa nje. Mtu huenda kwa njia aliyoiona."

Lakini anwani aliijua, maana ndimo alimofia: mtaa, jengo, ghorofa ya nne. Genowefa akaiandika nyuma ya kalenda. Siku ya pili aliandika barua, mistari sita, akaiweka posta mwenyewe. Aliandika: chachu ya mama yako ipo, njoo na chupa. Hakumwambia mwanawe Ludwik. Ludwik alikuwa ametoka kuezeka paa jipya la mabati, na tangu watu wa zamani waanze kurudi kutazama nyumba zao, akiona gari geni barabarani huacha kazi na kusimama getini mpaka lipite.

Mkesha wa Krismasi theluji ilianguka tangu asubuhi. Nyota ya kwanza ilipoonekana juu ya ghala wakaketi. Nyasi kavu zilikuwa chini ya kitambaa cha meza, na sahani moja ya ziada ilikuwa imewekwa kwa ajili ya mgeni asiyetarajiwa, kama ada ilivyo. Kila mtu alipuliza kiti chake kabla ya kuketi, asije akamkalia marehemu. Kiti cha mgeni hawakukipuliza, kwa sababu Paraska alikuwa ameshakaa.

Walikuwa kwenye uji hodi ilipopigwa.

Halina akaenda. Siku hiyo mpishi peke yake ndiye anayeinuka. Mwingine akiinuka kabla ya sahani ya mwisho, mwaka ujao mezani patakosekana mtu.

"Krismasi njema, wenyewe," sauti ya mwanamke ikasema nje. "Mimi ni Tekla. Nilipata barua ya Bi Genowefa. Nimekuja na chupa yangu."

Halina akageuka kutazama meza. Ludwik akamtazama mama yake, kisha sahani yake.

"Leo hakitoki kitu humu ndani," akasema. "Mwambie."

"Mama, leo ni mkesha," Halina akamwambia mgeni. "Leo hatutoi hata chumvi, bahati ya nyumba hutoka nayo. Mtu wa huku angejua."

"Mimi ni mtu wa huku. Nimezaliwa nyuma ya hilo jiko lenu."

"Unaona?" Ludwik akasema, si kwa sauti kubwa. "Leo chachu, kesho paa."

"Paa sikulijia," Tekla akasema. Masikio yake yalikuwa mazima. "Hata silijui, letu lilikuwa la nyasi. Nimechagua leo makusudi. Leo kwenu mgeni hafukuzwi. Mnaweka sahani."

"Tunaweka," Halina akasema. Halina si mwongo. "Ila kiti kimeshapata mtu."

"Basi niko radhi kusimama."

"Kusimama ndiko kubaya zaidi, mama. Leo mezani hasimami mtu."

Genowefa alikuwa ameweka mikono yote miwili juu ya kitambaa, akihisi nyasi chini yake. Kipipa kilikuwa hatua nne kutoka kitini kwake. Alikuwa na miaka sitini na miwili, ana sukari, na Ludwik alikuwa na moyo mbovu tangu utotoni.

"Halina," akasema, "mwambie aje sikukuu ikipita. Nitampa mwenyewe."

"Nimesikia," Tekla akasema. "Treni mbili na basi, Bi Genowefa. Miguu yenyewe ndiyo hii. Sitarudi." Hakusema kwa ukali. "Basi mlango msiufunge bado. Niacheni nisimame hapa. Mama alikuwa akitia uyoga wa msitu wa juu, ule mweusi."

"Ndio huo huo," Halina akasema.

Wakala. Mlango ulikuwa wazi na theluji ikaingia mpaka kwenye gunia la kufutia miguu. Paraska alishika kijiko bila kukiinua. Kutoka kitini kwake aliona mgongo wa Halina, na weupe wa theluji tu. Angeweza kuinuka; aliyekufa hana la kupoteza. Lakini mkosi ungeiangukia meza, na meza haikuwa yake, na mgeni hufuata ada ya mwenye nyumba.

Baada ya muda Ludwik akasema joto linatoka. Halina akafunga mlango.

Jumamosi iliyofuata Paraska alikuja, akafuta miguu, akatundika mtandio. Alikanda mpaka karibu na mwisho.

"Alikuwa na koti?" akauliza.

"Alikuwa nalo," Genowefa akasema.

"Rangi gani?"

Genowefa hakujua. Akamwita Halina.

"La kijivu," Halina akasema. "Limekatika kifungo kimoja, cha juu."

Paraska akatikisa kichwa. "Hata utotoni alikuwa hivyo. Cha juu." Akaligeuza donge la unga, akalipiga, akalifunika kitambaa.

Genowefa akasema chachu ataituma kwa posta, theluji ikipungua. Theluji ikapungua. Kukawa na kupanda viazi, kisha kukata majani ya ng'ombe, kisha Ludwik akasema chupa itavunjika tu njiani, na mwenye kuipokea atajua kuna la zaidi la kudai. Anwani ilikuwa nyuma ya kalenda, na mwaka ulipokwisha kalenda ikawashiwa jiko.

Chupa Tekla alikuwa ameiacha kizingitini, ama kwa kusahau au vinginevyo. Ilikuwa chupa nzuri, yenye mfuniko wa kubana. Halina aliichemsha akatia humo matango ya chumvi, na bado iko dirishani.

Mkesha uliofuata waliweka sahani ya mgeni kama kawaida. Paraska akaingia wa kwanza. Genowefa akampulizia kiti, naye Paraska akaketi. Uji ulikuwa mzuri mwaka ule. Kitunguu saumu Halina alikuwa amekipunguza. Ludwik alihesabu vichwa kwa macho, kama baba wa nyumba anavyopaswa, kabla ya kushika kijiko.

Hakuna aliyekosekana mezani.