Miwani ya Mika

Mume wangu Mika alikuwa na jicho moja zima, la kulia. La kushoto lilikufa siku mdudu alipompiga usoni njiani akitoka Magoma, na daktari wa Tanga hakumficha: akilipoteza na hilo lililobaki, kazi basi. Kazi yenyewe ilikuwa udresa, uuguzi mdogo wa serikali, kushuka kwa pikipiki kutoka Lushoto hadi vijiji vipya vya ujamaa upande wa Mnazi, kuchanja watoto. Dawa aliibeba kwenye chupa ya chai iliyojaa barafu, kaifunga mgongoni kama mama na mwanawe.

Kwa hiyo tulikwenda dukani kutafuta miwani. Nilikwenda mwenyewe, maana Mika ni mtu wa kudanganyika upesi. Mwenye duka akatutolea ya kioo cheupe, na nyingine ya plastiki ya rangi ya moshi, yenye ngozi na vitundu pembeni. Ile ya kioo ilimpendeza sana Mika. Nikaihemea kidogo, ikajaa ukungu palepale.

"Sasa kwenye baridi ya Magamba asubuhi utaona nini?" nikamwuliza. "Na ukianguka, vigae vyote vinaingia jichoni."

Mika akanung'unika kwamba hiyo nyingine inaficha macho, ataonekana bwana mkubwa. Nikamwambia aonekane vyovyote, mradi aone. Akaichukua.

Haukupita muda maneno yakaanza. Kwetu mtu hamwamkii mkubwa wake macho yamefichwa; hata kofia unavua. Mwenyekiti wa kijiji kimoja kule chini, Juma, akasimama mkutanoni mbele ya watu wote. "Ndugu dresa siku hizi amekuwa naizi, Mwafrika wa kukalia kiti cha mzungu," akasema. "Anatupitia na shikamoo ya mbio, macho hatuyaoni. Wakoloni tumewafukuza, huyu katoka wapi?" Watu wakacheka. Mika alirudi nyumbani, hakula.

Tangu hapo akawa anainua miwani kila anapompita mzee. Mkono mmoja usukani, mwingine unasukuma miwani juu ya paji la uso, "Shikamoo!", halafu anairudisha. Nilipopata habari hizo nilipandwa na hasira.

"Si usimame basi, uvue, uamkie kama watu?"

"Mama Raheli, barabara ile ina wazee wangapi? Nikisimama kwa kila mmoja barafu inayeyuka. Nitawachanja watoto kwa maji."

"Basi usivue."

Akanitazama kana kwamba nimemwambia avue suruali. "Wataona nawadharau. Na mwanamke akisikia baba yake amedharauliwa, mtoto haletwi."

Nikaudhika zaidi, maana alisema kweli.

Ilikuwa kiangazi, mchana, kwenye kona za kushukia bondeni. Mzee mmoja mgeni, Mzee Issa, aliyehamia kwa bintiye siku za karibuni, alikuwa amekaa kando ya barabara. Mika akainua miwani, akamwamkia. Wakati huohuo lori la mboga lililokuwa likipanda tupu likawapita, kokoto ikaruka kutoka kwenye tairi, ikampata jichoni. Waliomwokota walisema haikuzidi punje ya mahindi.

Wakampeleka Tanga, wakamrudisha. Jicho halikupona. Pikipiki ikapewa mtu mwingine, na Mika akawa wa kukaa barazani na shati lake la kazi, akigeuza uso kila anaposikia nyayo. Niliwachukia wote waliokuja kutoa pole. Juma ndiye niliyemchukia zaidi. Alileta mkungu wa ndizi, akalia kuliko mimi.

Halafu akaja Mzee Issa. Aliongozwa na bintiye, Halima, mkono wake begani mwa binti. Nikadhani ni miguu ya uzee. Halima akamkalisha kwenye kigoda. Mzee akanyoosha mkono kumtafuta Mika, akashika hewa. Mika naye akanyoosha wake, akashika hewa. Ikabidi mimi niikutanishe ile mikono.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu." Mzee akaukaza mkono wa Mika. "Nimeambiwa uliinua miwani kwa ajili yangu."

"Ndiyo, mzee."

"Mimi sioni, mwanangu. Sioni tangu kabla ya uhuru. Siku ile nilikuwa namngoja binti huyu anirudishe nyumbani. Nilisikia pikipiki, nikasikia shikamoo yako, nikaitika. Ilinitosha kabisa."

Nilitaka Mika apige kelele. Nilitaka atukane, amtukane Juma, anitukane hata mimi. Hakuachia ule mkono.

"Pole, mzee," akasema. "Hivi asubuhi wewe unaijuaje?"

"Kwa baridi ya miguu," mzee akamjibu. "Na ndege. Utazoea."

Wakaendelea hivyo, wakiulizana taratibu kama watu wa kazi moja. Nikatoka nje, nikalia kwa sauti, wasikie wote wawili.