Mchezo wa Mgonjwa

Mimi nina hasira za karibu, na sifichi. Pale Kilibula ninapofundisha, watoto wananiita Madamu Pilipili, wanadhani sisikii. Kwa hiyo ukiona nasimulia habari hii kwa ukali, usidhani nakugombeza wewe. Ninayemgombeza ni mimi mwenyewe, na bado sijamaliza naye.

Mama mkwe wangu, Pélagie, alianguka mwezi wa pili kwenye mlango wa jikoni, sahani ya maharage mkononi. Lopitali walisema ni mshipa wa kichwa. Baada ya wiki mbili tukamrudisha nyumbani Songo, mkono wa kuume umelala, mguu umelala, mdomo umeenda upande. Hayo tulikwisha kuyaona kwa watu wengine. Jambo ambalo hakuna aliyetuambia ni kwamba Kiswahili kingemtoka. Kilimtoka chote. Miaka ishirini na saba ya kununua ndagala, kuomba chumvi kwa jirani na kugombana na mimi, yote kwa Kiswahili, halafu hakuna hata neno moja. Kilichobaki ni kilugha cha kwao milimani.

Kilugha chenyewe ni jirani ya Kifuliiru lakini si Kifuliiru. Wafuliiru wakikisikia wanakamata neno moja, mawili yanawapita. Hapa Uvira nyumba zinazokisema hazifiki kumi. Mume wangu Bonaventure alikuwa mtoto walipokimbia vita kushuka huku. Baba yake alikufia njiani, na mama akawalea wanawe kwa Kiswahili wasije wakachekwa. Basi mwanaume mzima, dereva wa lori barabara ya Bukavu, alisimama mbele ya mama yake akisema "ndiyo mama, ndiyo mama," na hakuna alichokuwa anasikia. Siku moja mama aliongea kwa muda mrefu, akiomba kitu, machozi yanamtoka. Tulimletea uji. Tulimletea blanketi. Tulifungua dirisha. Mwishowe akachoka, akageukia ukuta.

Bonaventure alitoka nje, nikamfuata. "Georgette," akaniambia, "mama atakufa mu hii nyumba na hakuna muntu wa kumusikia."

Nikamwambia haitakuwa hivyo, labda nife mimi kwanza. Nilikuwa na uhakika wangu, kwa sababu nilikuwa na kaye, daftari la maneno yake.

Miaka miwili kabla ya hapo, tulipokuwa tukichagua maharage uani, nilizoea kumuuliza mama mkwe kwa kupoteza muda tu: hiki kwenu mnakiitaje? Na kile? Ananiambia, naandika. Kuna maneno aliyoyasema haraka, kuna aliyoyafikiria kidogo kabla ya kunipa, na mimi sikuuliza kwa nini anafikiria. Nusu ya kaye ilikuwa imejaa. Nilijisifu nayo sana.

Mimi nafundisha zamu ya mchana. Watoto wangu, Naomie wa miaka tisa na Ushindi wa miaka sita, wanasoma asubuhi. Kwa hiyo kila mchana koko, ndivyo watoto wetu wanavyomwita bibi, alibaki mikononi mwao. Masikio yaliyotakiwa kumsikia yalikuwa yao.

Na mtoto huwezi kumkalisha mbele ya orodha ya maneno. Atalala, na ana haki. Nikawatuma mtoni Mulongwe wakaleta udongo. Kila Jumamosi tulifinyanga uani: chungu, mkeka, kuku, kitanda, kibuyu. Kitu chako hakianikwi juani mpaka umekitaja kwa kilugha. Ukisahau, kinapondwa, unaanza upya. Tulivika vibunzi vya mahindi vipande vya kitenge, vikawa watu, vikasalimiana, vikaposana, vikagombana. Wakaja na Divine na Chance, wa familia nyingine ya kutoka kule kule milimani. Uani kwangu watoto wanne walikuwa wakitukanana kwa lugha ambayo baba zao hawaijui, nikawaacha watukanane.

Halafu nikabuni mchezo wa mgonjwa. Mmoja analala mkekani, anapinda mdomo, anaomba kitu kwa kilugha. Wengine wanakimbia kukileta. Anayeleta kisichoombwa, zamu yake kuugua. Bonaventure alipowaona wanapinda midomo alikasirika. Alisema wanamcheka mama yake. Nikamwambia, "Weye unataka heshima ao unataka mama asikiwe?" Akawaacha wacheze.

Wiki ya tatu, koko alisema kitu kutoka kitandani. Naomie alikuwa anafunga viatu. Aliviacha, akaenda kwenye mtungi, akarudi na kikombe cha maji. Koko akanywa yote, akamtazama yule mtoto, akacheka kwa upande mmoja wa uso. Ilikuwa mara ya kwanza tangu aanguke. Katika kaye yangu maji ya kuoga yana neno lake na ya kunywa yana lake. La kunywa alikuwa amenipa yeye mwenyewe. Maana yake ni "cha kibuyuni", na Naomie alilisikia vizuri. Niliingia jikoni nikalia kwa furaha. Kesho yake nilisimulia shuleni mpaka wenzangu wakachoka na mimi.

Mwezi wa tano, Jumatatu, jirani yetu Amandine alikuja mbio shuleni kuniita. Jua lilikuwa kali. Bonaventure alikuwa barabarani, Ushindi alikuwa ametoka kucheza, na Naomie alikuwa peke yake na koko tangu saa saba. Nilipofika, koko alikuwa amekwisha. Naomie alikaa pembeni ya kitanda, ameshika ule mkono uliolala. Hakuwa analia. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepewa zawadi.

"Mama, koko ameniita jina yangu," akasema.

Hapa lazima nieleze. Naomie ana jina jingine, la ukoo: la babu wa Bonaventure, yaani baba mkwe wa koko. Bonaventure ndiye aliyempa. Na kwao, mke hatamki jina la baba mkwe wake, awe hai awe amekufa. Tangu Naomie azaliwe, koko alimwita "mwenzangu" tu. Mtoto alilijua jambo hilo na lilimuuma. Wenzake wote bibi zao wanawaita kwa majina ya ukoo, yeye wake hapana. Jina lenyewe sitaliandika. Mimi pia ni mke wa ukoo ule, na sasa halinitoki mdomoni.

"Aliniita mara tisa, nilihesabu," Naomie akaendelea. "Kila mara nilimujibu kwa kilugha, niko hapa koko, niko hapa. Nikamushika mukono mpaka akanyamaza."

Nilimkumbatia. Nasema ukweli: nilisikitika, lakini ndani yangu nilikuwa nimeshinda. Mama mkwe wangu alikuwa amekufa na mtu wa kumjibu. Kwenye kilio Bonaventure aliwasimulia watu wote, jinsi mama alivyovunja mwiko wa maisha yake yote ili amuage mjukuu wake kwa jina. Watu walilia kwa kusikia. Naomie alikaa katikati ya wamama, kila mmoja anamshika kichwa.

Siku ya tatu alifika mzee Octave kutoka milimani, binamu wa marehemu baba mkwe wangu. Alisimuliwa kama wengine. Hakulia. Aliuliza jina hasa ambalo koko alilitamka, akaambiwa. Akaniita nyuma ya nyumba.

"Mama Naomie, midomo yake ilikuwa imekauka?"

Nikasema ndiyo, ilikuwa imepasuka kabisa. Nilimwosha mimi.

"Na hilo jina, weye unajua maana yake?"

Nikasema ni jina tu, jina la mzee.

"Mzee alizaliwa pa chemchemi," akasema Octave. "Mama yake alikwenda kuchota, uchungu ukamkutia pale. Ndiyo wakamuita vile. Ni neno letu la maji ya kunywa. Hatuna lingine."

"Mnalo," nikamwambia, na sauti yangu ilikuwa ya darasani. "Mnasema cha kibuyuni. Niko nalo kwenye kaye."

Alinitazama kwa huruma, na huruma ile sikuipenda. "Hilo ni la mkwe wa mzee. Jina la mkwe haliwezi kumutoka mudomoni, na maji lazima atayaomba, basi kila mke anajitafutia lake. Mke wangu miye alikuwa anasema baridi ya asubuhi. Pélagie alisema cha kibuyuni. Hao wanawe hawakupata kusikia lile la kweli, kwa sababu yeye ndiye aliwafundisha kusema. Lakini ugonjwa ukifika mwisho, ukwe unatoka, muntu anarudi kuwa binti wa kwao. Alikuwa anasema lile la butoto wake."

Nikakaa chini palepale kwenye majivu. Mara tisa. Mtoto wangu alimwambia mara tisa kwamba yuko hapa.

Octave akasema tumwache mtoto na furaha yake, kumwambia hakutamrudisha mtu. Nikakubali. Nikaingia ndani nikafungua kaye na kuipitia kurasa zote, sijui nilikuwa natafuta nini. Nilimlaani Pélagie kwa aibu yake, nikailaani kaye, halafu nikafika kwangu mwenyewe na hapo nikakaa. Mwalimu mzima. Nilimwona mara ngapi akifikiria kabla ya kunipa neno, na sikuuliza. Nilichukua lugha ya mke mmoja aliyefungwa mdomo na ndoa, nikawafundisha watoto wanne kwamba ndiyo lugha ya kwao.

Nilikaa na siri hiyo wiki sita. Jumamosi tulifinyanga kama kawaida, ila mchezo wa mgonjwa niliuzuia. Watoto waliuliza kwa nini. Niliwafokea.

Kisha Ijumaa moja mama yake Divine akaja kwangu anacheka. Walikuwa wamempeleka Divine Kavimvira kumsalimu babu yake aliyeshuka kutoka milimani. Divine akaomba maji kwa kilugha, cha kibuyuni, kwa adabu zote, na wazee wakacheka mpaka wakashika mbavu. "Babu yake anauliza, huyu mutoto ni muke wa nani?" akanisimulia. Alitegemea nami nicheke.

Alipoondoka niliona hakuna njia. Kesho yake ni Jumamosi. Mwalimu anayejua kosa liko ubaoni na akaliacha, afadhali akauze mihogo. Lakini nikiliandika neno la kweli, wa kwanza kulisoma atakuwa Naomie, na atasoma jina lake. Singekubali alisikie mbele ya wenzake.

Nikamwita nimsuke. Nilimkalisha chini katikati ya magoti yangu, uso wake upande wa mlango, kwa sababu sikuweza kumtazama. Nikamwambia yote. Babu aliyezaliwa chemchemini. Neno la kweli na neno la koko. Nilimwambia kosa ni langu, la kaye yangu, na yeye alijibu vizuri alichofundishwa. Hilo nililirudia mara mbili.

Nilisuka mstari mmoja, nikaanza wa pili.

"Basi hakuniita," akasema.

"Hakukuita, mwanangu."

"Alikuwa anataka maji."

"Ndiyo."

Nilisubiri alie. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, nilikuwa hata na kitambaa mfukoni. Lakini aliinamisha kichwa, nywele zikanitoka mkononi, akasema polepole, akiyatazama magoti yake:

"Kikombe kilikuwa pale, mama. Ulikijaza maji mbele ya kuenda kazi. Kulikuwa joto sana. Nikayakunywa miye, yote, na yeye alikuwa anaangalia."

Nilikirudisha kichwa chake kwenye magoti yangu, nikatafuta mstari nilipokuwa nimeuachia, nikaendelea kumsuka.