Mfuniko Mfukoni mwa Baba

Baba yangu ni fundi wa injini za boti asiyepanda boti. Akikanyaga tu ubao unaoyumba, uso unambadilika rangi na chai ya asubuhi inaomba ruhusa ya kutoka. Kwa hiyo kazi yake yote huifanya nchi kavu, karakanani kwetu, ambako injini hufungwa kwenye pipa la maji na kuungurumishwa mpaka majirani wafunge madirisha. Watu wamembandika jina la Sikio, kwa sababu akiinamisha kichwa kidogo tu hukuambia plagi ipi imelowa na jeti ipi ya kupitishia mafuta imeziba. Mimi ni binti yake, mwanafunzi wake, na mtu pekee anayethubutu kumkosoa akiwa ameshika spana.

Basi ikatokea injini ya shangazi ikaanza ukorofi. Shangazi ni dada yake Baba, na boti yake ndiyo inayovusha watu kutoka gati letu kwenda ng'ambo. Injini yenyewe ni ya zamani, ya kabureta. Mafundi wengine walikwisha kuiita chuma chakavu, Baba akaifufua kwa mikono yake, na tangu hapo huitaja kama mtu anavyotaja mtoto aliyefaulu shule. Sasa mtoto huyo akawa anatutia aibu. Anaondoka gatini kwa mbwembwe, akifika katikati ya maji anakohoa, analegea, anazima. Nahodha anavuta kamba mpaka bega linalia. Baada ya kitambo injini inawaka, inasogea hatua mbili tatu, inazima tena. Abiria wanafika ng'ambo jua limewakausha, na kila mmoja ana salamu zake za kumpelekea Sikio.

Ikiletwa karakanani, pamoja na tangi lake na mpira wake wa mafuta, Baba anaifungua kabureta, anaiosha, anapuliza vitundu vyake, anaangalia kama boya lake linapanda na kushuka, anabadilisha chujio. Lakini kabla ya yote hayo ana utaratibu wake. Anavua mfuniko wa tangi, anautia mfuko wa shati, ananusa petroli na kuchungulia ndani.

"Mafuta ni kama mgeni," husema. "Usimkaribishe kabla hujamwona uso."

Mfuniko huutia mfukoni kwa sababu zamani mmoja ulimponyoka ukabingirika hadi mtaroni, na Mama alimtania kwa huo mfuniko mpaka sote tukachoka. Akishachungulia, anaunga mpira, anavuta kamba, injini inaimba. Inaimba asubuhi nzima. Inarudishwa botini, na safari ya kwanza tu inazima palepale.

Siku moja shangazi akatuingilia karakanani, hakutaka hata kuketi.

"Kaka, nakupenda, lakini abiria hawavuki kwa mapenzi."

"Injini ni nzima," Baba akasema.

"Nzima ndani ya pipa! Mimi siwavushi watu pipani."

Baba akaweka spana chini.

"Kesho napanda mwenyewe. Ikizima tena, namkabidhi fundi wa ng'ambo aitunze yeye. Na huyo fundi kisirani ameshaanza kuwaambia watu kwamba Sikio limezeeka."

Baba akachukua kitambaa akafuta mikono. Kitambaa kilikuwa kichafu kuliko mikono, lakini aliendelea kufuta. Mimi nimezoea kumwona akibisha, akifoka, akirusha bisibisi. Sikuwa nimezoea kumwona kimya, na kimya hicho kilinichoma. Mtu akiichukua injini ile, hachukui chuma. Anachukua jina la baba yangu.

"Shangazi, kesho napanda na wewe," nikasema.

"Wewe?"

"Mimi sitapiki."

Shangazi akaangua kicheko, na Baba akanirushia kile kitambaa usoni. Angalau alirudi kuwa Baba.

Asubuhi tukaondoka. Nahodha alikuwa shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, kijana mwema mwenye adabu mpaka inakera. Mama yangu akipanda boti ile kwenda sokoni, shemeji husimama kumpisha mkwe hata kama ndiye aliyeshika usukani. Akajaza tangi, akakaza mfuniko, akavuta kamba. Injini ikaitika mara moja. Nilitazama nyuma nikamwona Baba amesimama mwisho wa gati, kichwa amekiinamisha, anatusikiliza tukienda zetu.

Katikati ya maji, ikakohoa.

"Haya, imefika kituo chake!" akasema mama mmoja mwenye kapu.

"Leteni makasia!"

"Sikio limelala!"

Injini ikalegea, ikanong'ona, ikazima. Shangazi akanigeukia. Alinitazama tu, na jicho lile lilikuwa baya kuliko maneno.

Shemeji akakimbilia kamba. "Acha kwanza," nikamwambia. "Usimvute mgonjwa kabla hujamuuliza anaumwa nini."

Hayo si yangu, ni ya Baba. Amenifundisha kwamba injini haitaki mengi: moto, hewa na mafuta, nawe uulize kimoja kimoja. Moto ukikatika, injini hunyamaza ghafla kama mtu aliyezabwa kofi. Hii haikunyamaza ghafla. Ilififia taratibu, kama mtu mwenye njaa. Basi ni mafuta.

Nikashika pira la kupampu, lile lililo katikati ya mpira unaotoka tangini kwenda kwenye injini. Likiwa na petroli huwa gumu kama embe bichi. Hili lilikuwa limebonyea, limenyonywa ndani kama mashavu ya bibi asiye na meno. Nikalifinya, halikujaa tena. Kwa hiyo petroli haikuwa inatoka tangini kabisa, na kabureta aliyekuwa akioshwa kila wiki hakuwa na kosa lolote. Alikuwa anasingiziwa! Huwezi kumlaumu mlaji kama sahani haikufika mezani.

Lakini tangi lilikuwa limejaa. Mpira haukujikunja popote. Na kitu kilekile, kwenye pipa letu, kilifanya kazi asubuhi nzima. Nikajiuliza: kule karakanani kuna nini ambacho hapa hakipo? Au hapa kuna nini ambacho kule hakipo?

Nikamwona Baba akilini, mkono ukiuzamisha mfuniko kwenye mfuko wa shati.

Nikaushika mfuniko wa tangi, nikauzungusha. *Fyuuuu!* Tangi likavuta pumzi kwa nguvu, kama mtu aliyeibuka kutoka chini ya maji. Nikafinya pira, likajaa, likawa gumu. "Sasa vuta," nikamwambia shemeji. Akavuta. Injini ikanguruma mpaka mama wa kapu akashika kilemba.

Nikaugeuza ule mfuniko juani. Kila mfuniko wa tangi la boti una kitundu cha kupitishia hewa, maana petroli ikitoka, lazima hewa iingie kushika nafasi yake. Isipoingia, tangi hukumbatia mafuta yake na halimpi mtu. Cha huu hakikupitisha hata uzi wa mwanga. Nikakikwangua kwa ukucha, nikanusa. Sabuni. Sabuni ya mche, ya kufulia.

"Shemeji," nikasema, "siku hizi tangi linaoga?"

Shemeji akatazama mbali, kule ambako hakukuwa na kitu cha kutazama.

"Sema, baba," shangazi akamwambia. "Hakuna atakayekutupa majini. Bado."

"Ni mama mkwe," akasema kwa sauti ndogo. "Anapenda kukaa hapa nyuma. Alisema harufu ya petroli inamgandia kwenye nguo, akakiziba kitundu kwa sabuni. Ningemwambiaje mkwe wangu hapana?"

"Na Baba je? Mbona hukumwambia?"

"Nimwambie baba mkwe kwamba mkewe hapendi harufu ya petroli?"

Shangazi alicheka mpaka akashikilia ukingo wa boti. "Miaka yote kaolewa na pipa la petroli, leo ndiyo pua imefunguka!"

Nikakisafisha kitundu kwa waya, nikaufunga mfuniko. Tukafika ng'ambo bila kikohozi, tukarudi bila kikohozi, na wakati wa kurudi nilimwambia shemeji aongeze mwendo mpaka mwisho, ili mtu fulani pale gatini asikie vizuri.

Alikuwa amesikia. Kichwa hakikuwa kimeinama tena.

"Kabureta?" aliniuliza kabla hata kamba haijafungwa.

"Kabureta yako ni safi, Baba." Nikampa mfuniko, nikamweleza. "Kila ulipoijaribu injini, ugonjwa ulikuwa mfukoni mwako."

Watu wakarudi nyuma hatua moja, wakisubiri bisibisi iruke. Baba akauinua mfuniko juani, akaunusa.

"Hii sabuni ya mama yako," akasema. Kisha akageukia abiria, mabega juu, sauti ya mwenye sherehe. "Mmemwona huyu? Kukosa nimekosa mimi, kupata kapata yeye, naye nimemzaa mimi. Kwa hiyo hesabuni wenyewe: nimepata!"

"Injini inabaki kwa kaka yangu," shangazi akatangaza. "Na bintiye. Zaidi bintiye."

Mama alipoulizwa nyumbani hakutikisika. "Ningejua inapumulia pale ningevumilia," akasema. "Mbona wewe nimekuvumilia?"

Kesho yake Baba alitangaza kwamba kuanzia sasa hakuna injini itakayoitwa nzima mpaka ijaribiwe majini, mfuniko ukiwa umefungwa. Akapanda boti. Mama alikaa mbele kabisa, nguo zake salama. Baba alikaa nyuma karibu na tangi, ndoo katikati ya magoti, rangi imemtoka, na kila aliponyanyua uso kutoka kwenye ndoo alimgusa abiria wa jirani begani.

"Aliyegundua," alikuwa akisema, akimeza mate, "ni binti yangu. Yule pale. Ngoja kidogo..."

Kisha anarudi ndooni, halafu anaibuka tena kuendelea na habari yangu.