Mguso wa Chini ya Sikio

Mara ya kwanza Dobi alipoanguka mbele ya Mwalimu, kilichomwangusha kilikuwa tumbo tupu na mimba ya wiki tisa ambayo hata mumewe alikuwa hajaambiwa.

Jioni ile Mwalimu alikuwa akiwaonyesha wanafunzi wake wa karate mahali fulani shingoni, chini kidogo ya sikio, ambapo kitabu chake kikuukuu kilisema mshipa wa fahamu unapita karibu na ngozi. Kitabu kilikuwa kimepoteza kurasa za mwisho. Mwalimu, ambaye karate yote aliyoijua alijifundisha mwenyewe kwa kusoma na kurudia, alikiamini kwa hizo zilizobaki.

"Ukigusa hapa kwa vidole viwili," alisema, "adui mwenyewe anaomba kulala."

Akanyoosha vidole akamgusa Dobi, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu. Ukumbi ukazunguka. Dobi alipozinduka alikuwa chali juu ya magodoro ya mazoezi, watu kumi wamemwinamia, na Mwalimu amepiga magoti, anaita, "Mwanangu! Mwanangu, nisamehe!"

Angeweza kusema pale pale. Lakini mimba changa haitangazwi mbele ya seremala na karani wa posta. Akasema tu, "Mwalimu, una mkono wewe!" Watu wakacheka, roho zikawarudia, na maji yakawa yameshamwagika.

Wiki nzima Mwalimu alikataa kumgusa mtu. Seremala, mwenye kifua kipana kama milango aliyokuwa akiitengeneza, ndiye aliyemwomba. "Na mimi nionje, Mwalimu." Akaguswa. Akasimama kidogo, akamtazama Mwalimu usoni. Uso ule ulikuwa na hofu na tumaini kwa pamoja, kama uso wa mtu aliyepika kwa mara ya kwanza akimwangalia mgeni anavyotafuna. Seremala akaanguka. Dobi aliliona goti lake lilivyokunjwa kwa hiari. Wa tatu akaanguka kwa sababu wawili walikuwa wameanguka, na wa nne hakutaka kuonekana mkaidi.

Ndivyo Mguso ulivyozaliwa. Ulimzidi binti wa Dobi kwa miezi saba tu, na sasa ulikuwa na miaka kumi na moja na ushee.

Si kwamba Mguso ndio uliokuwa jambo pekee lililoaminiwa ukumbini. Iliaminika kwamba mwenye mkanda mweusi lazima akaiandikishe mikono yake polisi, kama bunduki. Iliaminika pia kwamba mkanda haufuliwi, maana ukifuliwa maarifa yanaondoka na povu. Dobi, aliyekuwa akila kwa kufua, alikuwa ameshaufua wake kwa bahati mbaya pamoja na mashati ya mteja. Ulitakata. Jioni akajaribu mapigo yake yote, moja baada ya jingine, akayakuta mahali pake. Hakumwambia mtu. Aliona kwamba watu wanahitaji vitu vyao vya kuamini, na mkanda mchafu haujamuua mtu.

Alhamisi moja Kitinda aliingia dukani kwake na sare mpya begani.

Kitinda alikuwa binti wa mwisho wa Mwalimu, na jina hilo la utani alilipata kwa kuwa kitindamimba. Alikuwa na miaka ishirini na mbili. Wakati Mguso unazaliwa alikuwa kwenye benchi la ukumbini akifanya hesabu za shule, na tangu hapo amekua akiwaona watu wazima wakiangushwa na vidole viwili vya baba yake.

"Dada, nipigie pasi hii. Mikunjo isimame kama wembe. Jumatatu naanza kazi."

"Hongera! Kazi gani?"

"Mlinzi. Lile ghala la mbao na mabati, kule mwisho wa barabara. Zamu ya kuanzia jioni."

Dobi alilitandaza shati juu ya meza, akanyunyiza maji kidogo. "Mko wangapi langoni?"

"Mimi na kirungu." Kitinda akacheka. "Usinitolee macho, dada. Baba mwenyewe hana wasiwasi. Wiki mbili sasa ananinoa Mguso peke yangu, nyumbani."

"Na mtu akija na kisu?"

"Nitamsubiri afike karibu."

Pasi ikasimama juu ya kola. Dobi aliinusa harufu ya kitambaa kinachoanza kuungua ndipo akainyanyua, akapuliza, akapaka maji. Kola ilikuwa na kivuli cha rangi ya chai, kidogo tu.

"Aa, dada! Sare ya watu!"

"Nitaitoa. Nitaitoa hiyo alama kabla ya Jumatatu."

Aliposimulia nyumbani wakati wa chakula cha mchana, mumewe aliweka kijiko chini. "Miaka kumi na moja unamdanganya mzee wa watu?"

"Sikumdanganya. Nilianguka kweli."

"Mara ya kwanza."

"Mara ya kwanza."

"Na hizo nyingine mia?"

Dobi akaanza kukusanya vyombo. Hizo nyingine alianguka kwa heshima, kama mtu anavyocheka utani wa baba mkwe. Lakini sasa msichana alikuwa anakwenda kusimama peke yake langoni, akimsubiri mwenye kisu afike karibu.

Jumamosi alifika ukumbini saa nzima kabla ya wenzake. Mwalimu alikuwa amepiga magoti akiyafuta magodoro kwa kitambaa na maji ya sabuni, godoro moja baada ya jingine, kutoka pembe moja kwenda nyingine bila kuruka. Dobi akachukua kitambaa cha pili, akaanzia upande wa pili. Wakakutana katikati.

"Mwalimu," alisema, "naomba uniguse."

"Sasa hivi? Hata hatujapasha misuli moto."

"Sasa hivi."

Mwalimu akajifuta mikono kwenye suruali, akasimama, akavuta pumzi. Akanyoosha vidole viwili, akamgusa chini ya sikio. Vilikuwa vya baridi na vyenye unyevu wa sabuni. Magoti ya Dobi, kwa mazoea tu, yalitaka kukunjika, akayakaza. Akabaki amesimama.

Mwalimu akakunja uso. Akarudia. Akahamisha vidole upana wa ukucha, akagusa tena. Dobi alisimama, machozi yanamtiririka.

"Unaumwa?" aliuliza Mwalimu. "Leo umekula nini?"

"Nimekula, Mwalimu. Hiyo ndiyo tofauti. Siku ile sikuwa nimekula. Na nilikuwa na mimba."

Akamwambia yote, polepole, kama mtu anayetoa nguo za watu kwenye beseni asiichane hata moja. Alipomaliza, Mwalimu alikwenda kwenye benchi akakaa.

"Na Seremala?"

"Muulize mwenyewe."

"Nakuuliza wewe."

"Anakupenda, Mwalimu."

"Na Karani?"

"Sote tunakupenda."

"Mngenipenda kwa kiasi basi," alisema mzee, "ningejua mapema."

Mwalimu alikuwa akivitazama vidole vyake viwili kana kwamba ameviokota njiani na hajui mwenyewe ni nani.

"Mimi nilikuwa naviogopa hivi," alisema. "Mama yake Kitinda alipougua, mimi ndiye niliyekuwa namwogesha. Mgongo, miguu, mikono. Shingo namwachia Kitinda. Mke wangu akauliza, 'Kwa nini shingo huniogeshi?' Nikamwambia, 'Nakuogopea.' Akanicheka."

Dobi akakaa chini, sakafuni, karibu na miguu yake. Miaka yote alikuwa ameipima hasara ya uongo ule na kila mara akaona ni ndogo. Kumbe hakuwahi kujua kilichokuwa upande wa pili wa mizani.

"Nisamehe, Mwalimu."

"Ulianguka kweli," alisema Mwalimu. "Hilo nalikubali. Mimi ndiye sikuuliza." Halafu akanyanyua kichwa, ghafla, kama mtu aliyesikia sufuria ikifurika jikoni. "Kitinda anaanza Jumatatu."

"Ndiyo maana nimekuja."

Mzee akainuka.

Wanafunzi walipofika aliwapanga mstari. Hakusema amegundua nini. Alisema tu, "Leo nitamgusa kila mmoja. Msianguke. Atakayeanguka atafuta magodoro mwezi mzima."

Akaanza na Seremala. Seremala alimtazama Dobi kwa pembe ya jicho, akamtazama Mwalimu, akameza mate. Vidole vikagusa. Seremala akaenda chini kama mti.

"Nimesema usianguke!"

"Mwalimu, mimi nimesikia," alisema Seremala akiwa chali. "Miguu ndiyo haikusikia."

Mstari mzima ukaangua kicheko. Karani aliguswa akayumba, akamshika jirani yake begani, lakini akasimama. Wa tatu akasimama. Wa nne akasimama, akaomba radhi kwa kusimama. Kila mmoja alikuwa akitazama miguu yake mwenyewe kwa mshangao, na hakuna aliyethubutu kumtazama Mwalimu. Mwalimu ndiye aliyemshika kila mmoja bega na kusema, "Vizuri. Vizuri, mwanangu."

Kitinda alikuwa wa mwisho. Alikuwa ameacha kucheka. Alisimama wima, mikono ubavuni, ametoa macho. Baba yake akanyoosha vidole viwili, na kabla havijafika shingoni, vikiwa bado hewani upana wa kiganja kizima, macho ya msichana yakapanda juu na magoti yakalegea. Dobi alimdaka kichwa kisigonge sakafu. Uzito wake ulikuwa uzito wa kweli.

Mwalimu akapiga magoti. Alimpepea kwa ncha ya mkanda hadi akafumbua macho.

"Nani amekuangusha?"

"Wewe, baba."

"Sijakugusa, mama. Waulize."

Kitinda aliwatazama mmoja mmoja. Seremala, ambaye bado alikuwa sakafuni, alijifanya anakagua ukucha wa dole gumba la mguu.

"Kwa hiyo..." Kitinda alikaa. "Kwa hiyo nyinyi wote? Miaka yote hiyo? Mlikuwa mnajiangusha?"

"Mimi nilianza," alisema Dobi.

"Na mimi Jumatatu mlitaka niende na nini?" Sauti ilimpanda, kisha ikavunjika. "Ningemsubiri afike karibu! Dada, nilikwambia ningemsubiri!"

"Uliniambia. Ndiyo maana niliunguza kola."

Kitinda akajifunika uso kwa mikono. Baba yake hakumharakisha. Alikaa naye pale chini hadi mabega yake yakatulia, kisha akasema kwa sauti yake ile ya chini, ambayo wageni walilazimika kumsogelea ili waisikie, "Usimsubiri mtu yeyote. Hilo ndilo la kwanza. Akiwa mbali, wewe uwe mbali zaidi. Lango liwe kati yenu. Likishindikana lango, una miguu."

"Mlinzi anayekimbia, baba? Nani atamlipa?"

"Ghala lina mwenyewe, atanunua mabati mengine. Kitinda nitampata wapi?"

Msichana alipangusa pua kwa mkono wa gwanda. "Na nikikimbia?"

"Unapiga kelele."

Akawatoa wote nje, kwenye uwanja mdogo kati ya ukumbi na nyumba za jirani. Akamweka Kitinda mlangoni na Seremala hatua kumi kutoka kwake, Seremala awe jambazi. Seremala akakunja uso, akanyanyua kijiti, akafanana na mtu anayetafuta mahali pa kukichomeka.

"Akianza tu kuja, kimbia na upige kelele."

Kitinda alikimbia vizuri. Kelele ikatoka kama ya mtu aliyekanyaga maji ya baridi. Wote wakajaribu, na ikaonekana kwamba hakuna anayejua kupiga kelele. Watu wazima walioweza kuvunja ubao kwa kisigino walikuwa wakisema "Jamani, nisaidieni" kama wanaomba chumvi. Mwalimu ndiye aliyekuwa mbaya kuliko wote.

"Nipige kelele ya nini hasa?" aliuliza Kitinda. "Mwizi?"

"Wengine watajifungia ndani," alisema Dobi, akifikiri hatua kwa hatua kama kawaida yake. "Na wengine watatoka na mawe, wampige hata asiyehusika. Tafuta neno ambalo kila mtu akilisikia atatoka kwa ajili ya nyumba yake mwenyewe."

Wakatazamana.

Kitinda akarudi mlangoni. Seremala akaja na kijiti chake. Msichana akageuka, akakimbia, akafungua kinywa, na safari hii kilichotoka kilitoka tumboni, kikapita juu ya mapaa ya mabati. "Motooo! Motooo!"

Milango mitatu ilifunguka kwa pamoja. Mama wa nyumba ya pili alitoka mbio na ndoo iliyojaa, akamwona mwanamume mkubwa aliyenyanyua kijiti juu, hakuuliza, akammwagia yote kuanzia kichwani. Nyuma yake wakaja wawili na sufuria, na mzee mmoja na blanketi lililolowa.

Seremala alisimama akitiririka maji. Kitinda alicheka hadi akashika mbavu, na machozi ya mwanzo na ya sasa hayakuweza kutenganishwa tena. Mwalimu alikwenda kwa mama mwenye ndoo, akamwinamia kama anavyomwinamia mwalimu mwenzake, akamweleza kwa heshima moto ulikuwa wa namna gani.

"Sasa mzee wangu, safari nyingine tuarifuni mapema."

"Hapana, mama. Tukikuarifu hutakuja mbio." Akafikiri kidogo. "Kule mwisho wa barabara, karibu na ghala la mabati, unamfahamu mtu anayekaa huko?"

"Dada yangu anakaa huko. Nyumba inatazamana na lango lenyewe."

"Ana ndoo?"

"Mzee! Nani hana ndoo?"

"Basi kesho naomba unipeleke kwake nikamsalimie. Mimi na binti yangu." Akageuka kwa Kitinda, aliyekuwa akikamua maji yaliyomrukia kwenye gwanda. "Sauti ilianza jambazi akiwa kwenye hatua ya nne. Nataka ianze kwenye hatua ya kwanza. Rudi mlangoni."

Kitinda akarudi mlangoni.